Mto wa kubuni nao ufuate mteremko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kwa miaka 29 nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya serikali hapa Tabora, meza ya pili kutoka dirishani, na gazeti hili nimelisoma tangu enzi za kulisubiri stesheni lifike na treni. Leo naandika kuhusu ramani mliyoichapa kwenye ukurasa wa vijana, pamoja na ile hadithi ya wafalme wawili ndugu inayotoka kila Jumamosi.

Hadithi yenyewe ni nzuri, sina neno nayo. Mjukuu wangu yuko darasa la sita, na Jumamosi sipati kulisoma gazeti mpaka yeye amalize ukurasa wake. Ile ramani aliikata kwa mkasi akaibandika ukutani juu ya kitanda. Siku ya tatu akaibandua, akanifuata nayo barazani.

"Babu, huu mto unatoka wapi?"

Nikavaa miwani. Mto ule unaanzia baharini, upande wa mashariki. Unapanda bara hadi kwenye safu ya milima, unaivuka safu hiyo pale pale penye vilele vitatu vyenye theluji, unashuka upande wa pili na kuingia ziwani. Kwenye ziwa hilo inatoka mito mitatu: mmoja kwenda kaskazini, mmoja kusini, na wa tatu magharibi hadi bahari nyingine. Ule wa kusini ukifika katikati ya uwanda unagawanyika, tawi moja kwa kaka mtu, tawi jingine kwa mdogo wake. Nilikaa na ile karatasi mapajani nikakosa la kumjibu mtoto. Alikuwa ameuliza swali la haki kabisa, na ramani haikuwa na jibu.

Najua nitaambiwa kwamba nchi yenyewe ni ya kubuni, ina joka, ina farasi wenye mabawa, iweje mzee ashikilie mto. Nashikilia mto kwa sababu joka mwandishi amelitambulisha. Amesema wazi kwamba katika nchi hii kuna joka, lina rangi hii, linakula hiki, nasi tumekubaliana naye. Kuhusu mto hakusema kitu. Mto msomaji amekuja nao mwenyewe kutoka kwao. Msomaji wa Uvinza amekuja na Malagarasi, wa Utete amekuja na Rufiji, na anaposoma kwamba jeshi lilifuata mto hadi baharini, anaona maji yakishuka. Kama katika nchi ile maji hupanda mlima kwa uchawi, mwandishi aandike hivyo, tena itakuwa sura nzuri sana. Lakini kama hakuandika, maji ni maji.

Nadhani najua kosa lilikoanzia, kwa sababu mjukuu wangu alilifanya mbele ya macho yangu juma lile lile. Aligeuza kalenda ya mwaka uliopita upande mweupe, akasema anachora nchi yake mwenyewe. Akachora pwani. Kisha akachukua kalamu ya buluu na kuanza kupitisha mto pale alipotaka uwe. Nikamshika mkono taratibu. Nikamtolea penseli ya kahawia kwenye lile kopo langu la kazini, nikamwambia buluu ikae pembeni kwanza.

Kwenye ramani za vipimo, kahawia ni rangi ya kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ukishajua palipo juu na palipo chini, mto huna tena uhuru mkubwa wa kuuchagulia njia. Utapita bondeni. Utaungana na mwenzake mahali ambapo mabonde yanakutana. Atakayeanza na buluu atalazimika kuja kupachika milima pale ilipobaki nafasi, ndipo unapopata mito inayopita juu ya vilele.

Somo hili mimi mwenyewe lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa karatasi ya skeli ya 1:50,000, ile ambayo sentimita mbili ni kilomita moja ya ardhi, niongeze vijito vidogo kwa kufuata mikunjo ya kontua. Kontua ikikata bonde hujikunja kama herufi V, na ncha ya hiyo V huelekea juu, kwenye chanzo cha maji. Ikikata mgongo wa kilima hujikunja vilevile, ila ncha huelekea chini. Jicho geni linaiona mikunjo yote miwili ni kitu kimoja. Basi kijito changu nilikipitisha juu ya mgongo wa kilima, sentimita kama kumi na mbili hivi, mstari safi wa wino usiotetemeka hata kidogo. Mzee wetu wa chumba cha michoro akaja akasimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa upole: "Kijana, maji haya yanatembeaje juu ya mgongo wa paa?"

Akanipa wembe. Wino kwenye karatasi angavu haufutwi kwa raba, hukwanguliwa kwa ncha ya wembe, kidogo kidogo, usije ukatoboa. Pakishakwanguliwa, karatasi hutoa manyoya, na ukirudisha wino hapo hapo unatambaa kama doa la mafuta. Kwa hiyo unapasugua kwanza kwa mgongo wa kucha mpaka parudi kuwa laini. Nilisugua sentimita kumi na mbili hadi saa kumi jioni. Tangu siku hiyo sijachora mto kabla ya kujiuliza kushoto kwake pana nini na kulia kwake pana nini, maana kama si ardhi iliyoinuka pande zote mbili, maji hayawezi kukaa hapo.

Mtoto hawezi kukaa miaka kwenye meza ya michoro, basi nilimtafutia njia ya mkato. Jirani yetu alikuwa amechimba msingi, na udongo mwekundu umerundikwa karibu na ukuta wetu, kimo cha kifua changu. Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha tukatoka na mwavuli, mimi na yeye, tukaliangalia lile lundo. Kileleni maji hayakuonekana. Hatua moja chini vilianza vifereji vyembamba kama uzi wa cherehani, viwili vikakutana, cha tatu kikaingia ubavuni, na kufikia chini kifereji kilikuwa na unene wa kidole gumba. Nikamwambia atafute mahali kifereji kimegawanyika kikiwa kinashuka. Alilizunguka lundo lote, tope hadi magotini, hakupaona. Alipaona chini kabisa, pale maji yalipofika uwanjani na kuachia mchanga wake, uzi umetawanyika kama unyayo wa kuku. Nikamwambia hiyo ndiyo delta, ndivyo Malagarasi unavyofanya karibu na Ilagala ukiingia Ziwa Tanganyika, na ndivyo Rufiji unavyofanya ukiingia bahari.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni shimo. Kulikuwa na nusu tofali imefukiwa ubavuni mwa lundo, tukaing'oa, pakabaki shimo, shimo likajaa maji. Ukingo wake ulikuwa na sehemu mbili zilizobonyea, moja chini ya mwenzake kwa unene wa ukucha tu. Maji yakatokea kwenye ile ya chini. Yalipoanza kupita yakaila, ikazidi kwenda chini, na kadiri ilivyokwenda chini ndivyo maji mengi zaidi yalivyopita hapo. Mvua iliendelea kama nusu saa nzima, na ile sehemu ya pili haikulowa tena kwa maji ya shimoni. Mjukuu wangu akasema mwenyewe, sikumfundisha: "Babu, hii nyingine imechelewa."

Ndiyo sababu ziwa huwa na mto mmoja unaotoka. Iingie kumi, itatoka mmoja. Mfano tunao mlangoni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na ushei, na kina kinachopita mita 1,400. Linapokea Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi, Luiche pale karibu na Ujiji, Kalambo kule kusini, na vijito visivyohesabika. Linatoa mto mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya Kongo pale Kalemie.

Na jambo hilo halikujulikana Ulaya kirahisi. Mwaka 1856 huko ilikuwa inasambaa ramani ya mmisionari Jakob Erhardt, aliyeichora na mwenzake Johannes Rebmann kwa habari za wafanyabiashara wa misafara, yenye ziwa moja kubwa kama konokono asiye na gamba, limemeza Tanganyika, Nyasa na Viktoria kwa pamoja. Waliotoa habari hawakukosea, maana kila njia ya msafara kweli iliishia kwenye maji makubwa. Aliyekosea ni kalamu iliyoyaunganisha. Na masahihisho yalitolewa hapa hapa kwetu: wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze mwishoni mwa 1857, na Kaze ndiyo Tabora hii, wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakiishi hapa wakawaeleza kwamba hayo ni maziwa mbalimbali. Kila nikiisoma habari hiyo najisikia fahari ya kazi yangu, kwamba ramani ya Afrika ilianza kunyooka hapa mjini, kwenye baraza kama hii ninayoandikia.

Likabaki swali la Ruzizi, unaingia au unatoka? Mwaka 1858 watu wa Uvira waliwaambia Burton na Speke kwamba unaingia. Ulaya waliendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi mwaka 1871 wakaenda kuona kwa macho yao. Unaingia, kama wenyeji walivyosema. Lukuga nao Mwingereza Cameron aliufikia 1874, na Stanley alipokwenda 1876 akaukuta umezibwa na mafunjo na tope, maji hayatembei. Miaka michache baadaye ziwa lilikuwa limepanda, likazibua, mto ukaenda kwa nguvu. Mhariri, hebu fikiria mwandishi wa hadithi apewe hiyo: mlango mmoja tu wa ziwa zima, nao umeziba, na maji yanapanda mwaka hadi mwaka kwenye vijiji vya pande zote. Wakazi wa mialo ya Kigoma walioona maji yakiingia nyumbani mwao miaka hii ya karibuni hawahitaji kuelezwa uzito wake. Ziwa lenye milango mitatu linamnyang'anya mwandishi hadithi hiyo yote.

Sidai kwamba dunia haina mito ya ajabu. Venezuela kuna Casiquiare, unaochukua sehemu ya maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, na kutoka hapo Amazon. Okavango unaishia mchangani Botswana bila kuiona bahari. Na Malagarasi wetu ni wa ajabu vya kutosha: unaanzia mpakani na Burundi, unakwenda kaskazini mashariki kana kwamba unalikimbia Ziwa Tanganyika, unageuka kusini mashariki hadi kwenye mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha unageuka tena magharibi na kuipasua miinuko iliyosimama kati yake na ziwa. Umeivukaje miinuko hiyo? Wanajiolojia wanasema mto ni mzee kuliko ziwa. Ulikuwapo, ukielekea Kongo, kabla bonde la ufa halijafunguka na kabla ya ziwa lenyewe kuwapo, na ardhi ilipobadilika ukaendelea kukata njia yake. Kwa hiyo mchoraji anayetaka mto uvuke milima ana ruhusa, ila aupitishe kwenye korongo uliolikata wenyewe, aweke na maporomoko kama yale ya Igamba, na achore korongo hilo kabla ya kuandika majina ya vilele. Ajabu moja ndani ya ramani nzima inapendeza, na msomaji anaikumbuka. Zikiwa ajabu tano kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, hakuna hata moja inayoonekana ajabu.

Nisemavyo hivi nakaa mahali ambapo maji yenyewe ni simulizi. Mvua inayogonga bati langu hapa Isevya, ikiponyoka jua na mchanga, inaifuata mito inayoingia Malagarasi, inashuka mita 400 na zaidi hadi Ziwa Tanganyika, inatoka na Lukuga, inaingia Lualaba, inakuwa Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki, wakati Bahari ya Hindi ndiyo iliyo karibu yetu. Ile inayonyesha Igunga inafuata Manonga kwenda mbuga za Wembere na kuishia Ziwa Eyasi, na Eyasi hakutoki mto. Maji yanaondoka kwa kukauka tu, chumvi inabaki. Mkoa mmoja, na mahali maji yanapoagana hakuna mlima wowote wa kutisha, ni ardhi iliyoinuka kidogo ambayo dereva wa basi hata haisikii. Wachoraji wengi wa nchi za kubuni hudhani mito hutenganishwa na milima mirefu peke yake. Na wakiweka ziwa lisilo na mto unaotoka, wakumbuke kulitia chumvi, wasijenge mji mkuu ufukweni na watu wakichota humo maji ya kunywa.

Chumvi yenyewe ni sababu nzuri ya kuweka mji. Uvinza ilijulikana kwa chemchemi zake za maji ya chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, pale Ruchugi unapokutana na Malagarasi, watu wakitoka mbali kuja kuinunua. Kwenye ramani yenu miji imetawanywa kama punje za mahindi zilizomwagika. Sikuona mji uliokuwa hapo kwa sababu.

Kuhusu upepo nitasema kwa kifupi. Mawingu yakitoka baharini yakagonga mlima, mvua inanyesha upande huo, na upande wa pili unabaki mkavu. Anayeishi Morogoro anajua tofauti ya mashariki na magharibi ya Uluguru. Jangwa la mfalme mdogo liko upande wa mlima unaotazama bahari. Lihamishiwe ng'ambo.

Jambo la mwisho ni mito inayokauka, ambayo nchi za kubuni huisahau kabisa. Ugalla wakati wa kiangazi huacha kutiririka, yanabaki madimbwi, viboko na mamba wamebanana humo. Machi huvuki bila mtumbwi. Oktoba unapita na kandambili pale palipo mchanga. Sisi mto wa namna hiyo tulikuwa tunauchora kwa mstari wa buluu uliokatika katika, na ule usiokauka kwa mstari mzima. Hebu ndugu hao wawili wapewe mpaka wa mstari uliokatika. Anayetaka vita atasubiri kiangazi, na anayeogopa vita atahesabu siku za mvua.

Ombi langu ni dogo. Kabla ramani haijaenda kuchapwa, mtu mmoja chumbani kwenu aweke kidole mahali mto unapoingia bahari, apande nao hadi mwanzo wake. Kila anapofika kwenye makutano achague tawi lolote aendelee kupanda. Kidole kikijikuta baharini, au juu ya kilele, au kikirudi mahali kilikopita, ramani irudi kwa mchoraji. Haichukui dakika tano. Mstari ukishachapwa huishi muda mrefu kuliko aliyeuchora: ile Milima ya Kong, iliyowekwa kwenye ramani ya Afrika Magharibi mwaka 1798, iliendelea kunakiliwa kwa miaka karibu tisini hadi Mfaransa Binger alipopita huko akakuta hakuna safu yoyote ya milima. Na ninyi mnasomwa na watoto ambao ramani yenu ndiyo ya kwanza kuibandika ukutani.

Nimeambatanisha ramani ya mjukuu wangu kwa ajili ya ukurasa wa vijana, akiomba muichapishe. Kahawia ilitangulia, nilikuwapo. Ziwa lake linapokea mito minne na linatoa mmoja upande wa kusini, na mji mkuu ameuweka hapo hapo mlangoni kwa sababu, anasema, mwenye kushika huo mlango ameshika nchi. Mstari wa buluu uliokatika katika upande wa magharibi ni mto unaokauka kuanzia Septemba. Tafadhali mwambieni mpiga chapa asiuunganishe.

Mchora ramani mstaafu,
Isevya, Tabora.